Injini Hii Ilizaliwa na Gari Hili?

Maneno haya niliyasema Jumamosi moja mbele ya ndugu zetu mafundi na wapenzi wa magari hapa Ohio. Walioshindwa kufika waliniomba niyaandike, nami nimeyaandika karibu kama yalivyotoka mdomoni.

Shikamooni wazee wangu. Kaka na dada zangu, habari za asubuhi. Ahsanteni kwa kuja na baridi hii.

Wiki tatu zilizopita kijana wetu mmoja alinipigia simu usiku. Yuko hapa leo, na ameniruhusu niseme. Alikuwa amepata Camaro ya 1969, gari la Chevrolet, ile ya mashindano yenye herufi Z/28, na mwenye gari alikuwa anataka fedha ambazo mtu angeweza kuwekea msingi wa nyumba na kuta zikapanda. Sababu ya bei hiyo ilikuwa moja: injini ni ile ile iliyotoka nayo kiwandani. Nikamuuliza, "Umejuaje, mwanangu?" Akanijibu, "Fundi, nimeona hati. Namba imelingana na ya kwenye gari." Nikamuuliza tena, "Na namba ya injini?" Akanyamaza. Hakuiona kwenye hati kwa sababu haimo.

Kosa si lake. Sisi tumelelewa na kadi ya gari. Tanzania, kadi ya usajili inabeba namba ya chesisi na namba ya injini, zote mbili. Kenya, logbook ni vivyo hivyo. Ukibadilisha injini unatakiwa upeleke taarifa ili kumbukumbu zibadilishwe, na anayekuja kununua hufungua boneti akiwa na kadi mkononi, anasoma namba moja moja kwa kidole. Ndiyo maana mtu wetu akishika karatasi ya serikali anaona shaka imekwisha. Hapa Marekani hati ya umiliki inabeba VIN peke yake, yaani ile tunayoiita sisi namba ya chesisi. Injini haitajwi. Mtu anaweza kung'oa injini ya kiwandani leo, akaweka nyingine kesho, akaliuza gari keshokutwa, na hati isiandikwe neno hata moja. Kazi ambayo kule kwetu ingefanywa na karatasi, hapa itafanywa na macho yako na tochi.

Kwa nini basi injini nyingi za magari haya hazipo tena mahali zilipozaliwa? Kwa sababu yalitengenezwa yakimbizwe. Wamarekani huyaita magari ya misuli: gari la kawaida la watu wazima, limetiwa injini kubwa kuliko mwili wake. Vijana wa miaka ile ya 1960 walitoka nayo kwa muuzaji Ijumaa, Jumamosi wakawa kwenye mashindano. Pistoni ziliyeyuka, fimbo za pistoni zikatoboa bloku. Mwaka 1969 Chevrolet walitengeneza Camaro 69 tu zenye injini ya aluminiamu iliyoitwa ZL1, na 50 kati ya hizo ziliagizwa na muuzaji mmoja, Fred Gibb, wa mji mdogo wa La Harpe, Illinois. Injini peke yake iliongeza zaidi ya dola 4,000, bei ya gari zima ikavuka dola 7,000, na wanunuzi wakakimbia. Mengi yalirudishwa kiwandani yakagawiwa wauzaji wengine. Kwa gari kama hilo, kwa watu wa mashindano, injini ndiyo ilikuwa mali na bodi lilikuwa kasha lake. Iling'olewa ikapelekwa ilikohitajika.

Miaka hamsini imepita, na leo mambo yamegeuka. Watu wanatafuta kile kile kilichotupwa. Mwaka 2014, kwenye mnada wa Mecum mjini Seattle, Plymouth 'Cuda ya 1971 ya kufunguka paa, yenye Hemi, injini kubwa ya Chrysler, iliuzwa dola milioni 3.5. Penye fedha za namna hiyo, na hata penye sehemu ndogo tu ya fedha hizo, atatokea mtu mwenye nyundo na seti ya namba za chuma. Huyo ndiye ninayetaka mmjue leo.

Nitakaa na Camaro ya 1969, kwa sababu ilitengenezwa karibu na hapa tulipokaa. Kiwanda kilikuwa Norwood, mji mdogo uliozungukwa na Cincinnati. Kilifungwa 1987. Mwenzake wa pili, Van Nuys kule Los Angeles, alifuata 1992. Kwa hiyo hakuna mlango wa kwenda kubisha ukauliza.

VIN ya gari hilo ina herufi na tarakimu 13. Hizi namba ndefu za 17 mnazozijua zilianza 1981. Inaanza hivi: 124379N. Moja ni Chevrolet. 24 ni Camaro yenye injini ya silinda nane. 37 ni bodi la milango miwili lenye paa la chuma. 9 ni mwaka 1969. N ni Norwood. Ingekuwa L ingekuwa Los Angeles. Baada ya hapo zinafuata tarakimu sita za foleni, kuanzia 500001. Sasa angalieni kilichokosekana. VIN hii inakwambia ni silinda nane, basi. Haikwambii silinda nane ipi. Camaro ya mwalimu wa shule, yenye injini ndogo ya V8 ya kwendea sokoni, na Z/28 ya mashindano zinaanza kwa namba ile ile. Mwaka ule zilitengenezwa Camaro 243,085, na Z/28 zilikuwa 20,302 tu. Yule anayetaka kuigeuza moja ya hizo nyingi iwe moja ya hizo chache, VIN haimzuii hata kidogo.

Tuingie chini ya boneti. Mbele ya injini, upande wa abiria, mara tu mbele ya silinda hedi na nyuma ya alteneta, bloku ina sehemu ndogo bapa, upana wa vidole viwili. Mimi huiita uwanja wa namba. Pale pamegongwa vitu viwili, na wengi hawajui kwamba viligongwa na watu wawili, katika miji miwili.

Cha kwanza kiligongwa kule vipande vya injini vilikofungwa pamoja. Kwa injini ndogo za V8 ni Flint, Michigan, na alama yake ni V; kwa zile kubwa ni Tonawanda, New York, na alama ni T. Tuseme unasoma V0312DZ. V ni Flint. 0312 ni tarehe 12 mwezi wa tatu. DZ ni ukoo wa injini: kwa mwaka 1969, DZ ni ile injini ya inchi za ujazo 302 ya Z/28, iliyoandikwa nguvu farasi 290, iliyozaliwa kwa sababu mashindano ya Trans-Am hayakuruhusu injini ya kuzidi lita tano. Mwaka haumo kwenye namba hiyo. Ni mwezi na siku tu, na herufi za ukoo Chevrolet walizirudia kwa injini nyingine miaka mingine.

Cha pili kiligongwa Norwood, injini ilipofika kwenye gari lake: 19N na zile tarakimu sita za foleni. Hicho ndicho cheti cha ndoa kati ya injini na gari. Tarakimu sita za uwanjani zikilingana na sita za dashibodini, watu husema namba zinalingana, na dalali anaanza kupandisha bei.

Kwa kuwa viligongwa na watu wawili kwa vifaa viwili, haviwezi kufanana kama mapacha. Kina cha kugonga ni tofauti, mstari mmoja umelala kidogo kuliko mwingine, umbo la namba si moja. Ukikuta vyote viwili vina mkono mmoja, mwandiko mmoja, kina kimoja, basi viligongwa siku moja, na siku hiyo haikuwa mwaka 1969.

Halafu tazama ngozi yenyewe ya chuma. Kiwandani, uso wa juu wa bloku, pale silinda hedi inapokalia, ulisawazishwa kwa mashine kubwa yenye meno mengi iliyopita mara moja kutoka mwisho mmoja hadi mwingine. Ilipopita iliacha mistari myembamba sana, iliyonyooka, inayokwenda kwa urefu wa injini. Uwanja wa namba ulisawazishwa pamoja nao, kwa hiyo nao una mistari ile ile, na namba ziligongwa juu yake. Injini ikija kufanyiwa matengenezo makubwa, fundi wa mashine akachonga uso wa bloku upya, namba zinafutika pamoja na mistari. Mashine za siku hizi huacha alama za mviringo kama nyuzi za kikapu. Mwongo anajua hilo, basi huchukua msasa au brashi ya waya akaburuta kutafuta mistari. Lakini mistari ya msasa haina mpangilio, inaanza na kukatika, na mara nyingi inapita juu ya kingo za namba badala ya chini yake. Laza tochi iwe karibu sambamba na chuma, usiielekeze moja kwa moja. Kivuli ndicho kitakachosema.

Sasa niwaeleze lililonikuta, kwa sababu ndilo lililonifundisha mambo yote haya kuliko kitabu.

Miaka kadhaa iliyopita mzee mmoja mstaafu alileta gari kwenye gereji nilikokuwa nafanya kazi. Z/28 ya 1969, ya Norwood. Alikuwa ameinunua kwa akiba ya maisha yake, na aliyemuuzia alimpa faili nene lenye picha na barua. Alilileta kwa jambo dogo, oili ilikuwa inavuja nyuma ya injini. Nilianza na kibati kilichopigwa ribiti kwenye ukuta wa injini. Kilisema 03C, wiki ya tatu ya mwezi wa tatu, na kilikuwa na X77, msimbo ambao Norwood waliutumia kwa Z/28 kuanzia mwishoni mwa 1968. Ribiti hazikuguswa. Giaboksi ya Muncie, yenye gia nne, ilikuwa na P9C12: Muncie, 1969, mwezi wa tatu, tarehe 12. Na ubavuni ilikuwa na namba ya gari lile lile. Nikafurahi kwa niaba yake. Nikapanda juu nikasoma uwanja wa namba: V0312DZ, na 19N, na tarakimu sita zote mahali pake. Nikamwambia, "Mzee, gari lako ni la kweli."

Neno hilo nalijutia mpaka leo.

Ili kuzuia mvujo ilibidi tushushe giaboksi. Nyuma ya bloku, pale inapokutana na nyumba ya klachi, kuna namba nyingine ambazo hazikugongwa na mtu. Zilisubiwa. Ziliingia pamoja na chuma cha moto kwenye kalibu, zimevimba juu ya chuma kama mshipa juu ya mkono. Upande mmoja kuna namba ya kalibu, upande mwingine tarehe ya kusubiwa: herufi ya mwezi, siku, na tarakimu moja ya mwaka. A ni Januari, B Februari, na kuendelea. Nilifuta grisi kwa kitambaa. Namba ya kalibu ilikuwa 3970010. Tarehe ilikuwa K 9 9.

K ni mwezi wa kumi na moja. Chuma cha injini ile kilimiminwa tarehe 9 Novemba, katika mwaka unaoishia na 9. Gari lilitengenezwa mwezi wa tatu 1969. Bloku ilizaliwa miezi minane baada ya gari kuondoka Norwood. Huenda hata zaidi, kwa maana kalibu ile ilitumika kwa injini za inchi 350 tangu 1969 mpaka 1979, na 9 ile inaweza kuwa ya mwaka wowote kati ya hiyo miwili. Kwa nje huwezi kujua kama ni 302 au 350, kwa kuwa zote mbili zina tundu la silinda la upana mmoja, inchi nne. Kinachotofautiana ni mwendo wa pistoni ndani. Nilirudi mbele na tochi, nikailaza kama nilivyowaeleza. Mistari ya msasa. Mwandiko mmoja juu na chini. Vyote vilikuwepo tangu asubuhi, nilikuwa navitazama bila kuviona, kwa sababu kibati na giaboksi vilishanifanya niamini.

Gari lilikuwa Z/28 halisi. Injini haikuwa yake. Na mtu fulani alikaa akaisawazisha, akachagua namba, akapiga nyundo mara kumi na sita kumdanganya mtu asiyemjua. Mzee alikaa kwenye stuli, akaniuliza kama nina hakika. Nikamwonyesha. Hakusema kitu kwa muda mrefu, halafu akauliza kama gari bado linaweza kutembea. Hilo ndilo lililoniumiza zaidi.

Tangu siku ile naanzia nyuma. Namba ya kugongwa, yeyote mwenye nyundo anaweza kuigonga. Namba iliyosubiwa ni ngumu kuigeuza bila kuacha kovu, ingawa wapo wanaojaribu kukwangua na kujaza. Kisha nazipanga tarehe kama ukoo: bloku isubiwe kwanza, injini ifungwe baadaye, gari litengenezwe mwisho. Kwa gari la wiki ya tatu ya Machi 1969, ningefurahi kukuta B 24 9 nyuma, tarehe 24 Februari, kisha V0312 mbele. Siku chache au wiki chache kati ya hatua na hatua. Mtoto akimtangulia mama yake kuzaliwa, hakuna faili la barua litakalonishawishi.

Kwa kampuni nyingine nitapita haraka. Ford na ndugu wa Chrysler walikuwa wakarimu zaidi, kwani herufi ya tano ya VIN inataja injini. Mustang ya 1969 yenye Z pale ilitoka na Boss 429. Yenye G, Boss 302. Plymouth Barracuda yenye R ilitoka na Hemi ya 426. Lakini herufi hiyo inakwambia kilichowekwa siku ya kwanza, haikwambii kilichomo leo. Kwa Chrysler kuanzia 1968 tafuteni sehemu ya VIN iliyogongwa chini ya bloku, jirani na sampo. Kwa Ford za kuanzia modeli ya 1967 unaweza kununua ripoti ya Marti, inayotoka kwenye kumbukumbu za kiwanda. Pontiac wana PHS, wanaohifadhi nakala za ankara za kiwandani, na kwa GTO ya 1964 au 1965 huna pa kukimbilia isipokuwa huko, kwa maana mpaka 1966 GTO ilikuwa nyongeza tu juu ya gari lao jingine, LeMans, na VIN haiitaji. Chevrolet, kwa masikitiko yangu, hawana kumbukumbu za gari moja moja za namna hiyo, ila kwa magari yaliyouzwa mapya Kanada. Kwa yaliyouzwa hapa unategemea karatasi ya kiwandani, ambayo wafanyakazi waliisahau juu ya tangi la mafuta au kwenye springi za kiti, na kile kibati cha waranti alichopewa mwenye gari wa kwanza, Protect-O-Plate. Mkivipata, navyo vipimeni. Karatasi hutengenezwa upya na vibati pia.

Kuna jambo ambalo watu huliogopa bure. Ukikuta uwanjani pamegongwa CE na tarakimu, hiyo ni injini iliyotolewa na kiwanda kufidia iliyokufa ndani ya waranti. Si ya kuzaliwa na gari, ila ni historia ya kweli: gari lilikimbizwa, likaua injini, kiwanda kikalipa. Nimenunua gari la namna hiyo kwa ajili yangu mwenyewe, na risiti ya mwaka 1970 ninayo. Vivyo hivyo mtu akikwambia wazi, "Injini si yake, nimetafuta nyingine ya tarehe zinazokaribiana," huyo mheshimu na mlipe bei ya gari alilolisema. Bei itakuwa chini, na inapaswa kuwa chini.

Dada mmoja ameniuliza mlangoni kabla hatujaanza: muuzaji akikataa nisiguse? Mwambie, mama, unaomba kusafisha uwanja wa namba tu, na yeye asimame hapo hapo. Dawa ya kusafishia breki, kitambaa, brashi laini ya nailoni. Msasa marufuku, brashi ya waya marufuku, kwa sababu hata injini halali ukiikwangua utaifanya ionekane ya uongo, na hasara itakuwa ya mwenye nayo. Piga picha tochi ikiwa imelala upande wa kushoto, kisha kulia. Kwa namba za nyuma, kioo kidogo cha mkono au simu ukiipitisha kati ya injini na ukuta. Hupati kila mara, wakati mwingine ni lazima gari lipande juu. Akikataa hayo yote, rudi nyumbani na fedha zako.

Basi. Pale mezani, chini ya turubai, nimeleta bloku. Sitasema imetoka kwenye gari gani. Uwanja wa namba nimeufunika kwa utepe mweusi, na utabaki umefunikwa mpaka kila mmoja wenu apite nyuma, asome tarehe iliyosubiwa, aiandike kwenye karatasi. Tochi ziko tano kwenye ndoo. Kijana wangu wa Camaro, anza wewe.